Unajenga boksi la nyoka? Cheki mbao kwanza, mutarakwa ya Bahati inaweza kumdedisha

Boksi lilikuwa kali, wasee. Kusema ukweli lilikuwa fiti kuliko keja yangu: mbao ya mutarakwa iliyopigwa randa hadi inang'aa, mlango wa kioo, kijikufuli cha shaba, na ile harufu tamu ya mbao mpya inayokufanya uvute pumzi mara mbili. Fundi wa huku Maili Kumi alilijenga kwa siku tatu na jamaa yangu akalipa bila kulia. Wiki tatu baadaye, nyoka wawili waliokuwa ndani walikuwa wanapumua mdomo wazi na povu puani. Mmoja akadedi.

Jamaa mwenyewe si mgeni kwa hii kazi. Yuko kwenye kituo cha nyoka chenye leseni, mahali shule huleta watoto waguse nyoka waache woga. Hao wawili walikuwa wale wa kahawia wasio na sumu, wale huingia hadi jikoni kwako usiku wakifuata panya na unawapiga rungu bure. Kituo kilikuwa kinakarabati chumba, akaambiwa atafute boksi la muda. Daktari wa mifugo aliyeitwa hakutaka kuapa kwamba ni mbao iliyoua. Lakini alifungua ule mlango, akaingiza kichwa, akatoka macho yamejaa machozi, akauliza swali moja tu: "Hii ni mbao gani?"

Hilo ndilo swali watu hawaulizi. Wanauliza boksi ni kubwa aje, kioo ni bei gani, kufuli iko wapi. Na nyoka anakaa mle ndani masaa 24, tumbo liko sakafuni, hana dirisha la kutoa kichwa. Chochote ambacho mbao, gundi ama rangi inatoa, yeye ndiye anakivuta.

Kwanza karatasi

Kabla hujanunua hata msumari, elewa kwamba Kenya hauwezi kuokota nyoka shambani Dundori ukamfanya rafiki wa sebuleni. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, nyoka ni mnyamapori kama simba, na kumweka unahitaji kibali cha KWS. Kibali kinawezekana. Kufuga nyoka ni moja ya zile kazi za wanyamapori ambazo gava inaruhusu kwa leseni, pamoja na mamba, mbuni, kobe na vipepeo. Lakini watataka kuona unamweka wapi, kwa hivyo hata boksi ni sehemu ya ombi lako.

Kama unadhani hawajali vitu vidogo, kumbuka ile kesi ya Naivasha, kaunti hii hii yetu. Aprili 2025 vijana wawili wa kutoka Ubelgiji, wote miaka 19, walinaswa kwenye nyumba ya wageni wakiwa na sisimizi karibu 5,000 ndani ya vijichupa vya maabara vilivyowekwa pamba. Mwezi uliofuata mahakama ya JKIA ikawapa chaguo: milioni moja ama mwaka mzima ndani. Mita nzima, juu ya sisimizi! Sasa piga hesabu ya chatu.

Halafu huku kwetu kuna sababu nyingine ya kutookota ovyo. Kuna kifutu mdogo mwenye vijipembe juu ya macho, Bitis worthingtoni, ambaye dunia nzima anapatikana Kenya pekee, kwenye nyanda za juu za hili Bonde la Ufa: Naivasha, Elmenteita, hadi pande hizi za Nakuru. Ni mfupi, ukimwona kwa nyasi unaweza kudhani ni mtoto wa nyoka fulani. Ana sumu. Na mwaka wa 2016 CITES walimweka kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa. Ukimpata kwa shamba, rudi nyuma polepole upigie KWS.

Kwa hivyo haya yote ni ya wenye karatasi, wafanyakazi wa vituo, mafundi wanaopewa oda, na wale wetu walioko majuu. Na hapo kuna kichekesho. Kuna nyoka mfupi mnene wa mchanga, wa zile sehemu kame za nchi yetu, ambaye maduka ya Marekani na Ulaya humuuza kwa jina la Kenya. Binamu yako aliyehamia majuu anaweza kuwa naye kwa keja, amezaliwa huko huko kwa wafugaji, na wewe wa Kabatini mwenye nyoka mwenyewe hauwezi bila permit.

Kwa nini harufu inamuumiza

Nyoka wengi wana pafu moja tu linalofanya kazi, la kulia, refu kama soksi. La kushoto limebaki kidude kisicho na kazi. Chatu ndio wana mawili, na hata hao la kushoto ni dogo. Nyoka pia hana kile kiwambo chetu cha kifuani cha kusukuma hewa, anatumia mbavu. Matokeo yake ni kwamba hawezi kukohoa kama wewe. Uchafu na makohozi yakiingia, yanakaa. Ndiyo maana mgonjwa wa kifua unamwona ameinua kichwa juu, mdomo wazi, anapiga kamluzi akipumua. Ukifika hapo, hakuna cha kutafuta majibu kwa simu, ni daktari.

Sasa rudi kwa mutarakwa. Unajua kwa nini wazee wetu waliipenda kwa nguzo za fensi? Mchwa hawaigusi. Nguzo inasimama miaka na miaka juu mbao ina mafuta yake yenye harufu, na hayo mafuta ndiyo yanafukuza wadudu. Mchwa ana uwezo wa kwenda kwa jirani. Nyoka aliyefungiwa hana.

Na hapa ndipo watu wa Bahati wanapochomeka. Mbao rahisi zaidi kupata huku, kuanzia mashine za kupasua mbao za barabara ya Nyahururu hadi kwa fundi wa mtaa, ni saiprasi. Saiprasi na mutarakwa ni familia moja kabisa kwa hesabu ya wanasayansi wa mimea. Kwa hivyo ukimwambia fundi "sitaki mutarakwa," atakuchorea boksi la saiprasi akidhani amekusaidia, kumbe amekupa ndugu yake.

Haki itendeke lakini: onyo la wafugaji lilianza hasa na maranda na vumbi la mbao za aina hii kutandikwa chini ya mnyama, na ubao mzima hutoa mafuta kidogo kuliko maranda. Kuna watu watakuambia wametumia saiprasi kuukuu, iliyokauka miaka na ikapakwa vizuri, na nyoka wao wako poa. Sibishani nao. Lakini boksi la nyoka lina kioo mbele na joto ndani. Joto linatoa harufu kutoka kwa mbao kama vile jua linavyotoa harufu kwa viti vya matatu mpya. Kama una chaguo, kwa nini ucheze kamari?

Paini ikiwa imekauka kabisa na kupakwa, wengi huitumia. Paini mbichi inayotoa utomvu, zii. Mkaratusi, ile blugamu yetu, una harufu yake kali na juu ya hapo hupinda na kupasuka ukikauka, na ufa ni mlango. Nyoka mdogo akipata mahali kichwa kinapita, mwili wote unafuata.

Kitu ingine cha kuogopa ni mbao iliyotibiwa. Ile nguzo yenye rangi ya kijani kibichi mara nyingi imewekwa shaba, kromu na arseniki ili isioze. Marekani kampuni ziliacha kuitengeneza kwa matumizi ya nyumbani mwisho wa 2003. Hapa mabaki ya nguzo bado yanazunguka, na fundi ambaye hajui anaweza kukukatia fremu nayo, tena ajisifu kwamba "hii haitaoza." Mbao iliyopakwa oil chafu ya gari ili kuzuia mchwa, hiyo hata usiulize.

Plaiwudi, lakini si kila plaiwudi

Kama lazima iwe mbao, chukua plaiwudi nzuri. Usiende kwa chipubodi wala MDF hata kama bei inakuita. Hizo ni unga na vipande vya mbao vilivyoshikwa na gundi, na gundi za aina hiyo mara nyingi hutoa formaldehaidi, zaidi sana zikipata joto na unyevu. Boksi la nyoka lina vyote viwili. Halafu MDF ikinywa maji inafura kama mandazi. Ile kabati ya zamani ya TV uliyotaka kugeuza kuwa nyumba ya nyoka, wachia vyombo.

Marine bodi mpya ni imara na gundi yake hutulia zaidi. Shida ni zile kuukuu zinazouzwa bei ya kutupa kwenye site za ujenzi. Zile zimetumika kumwagia zege, na kabla ya kila zege mafundi huzipaka dizeli ama oil ili zisishike. Imeingia ndani ya mbao. Utapiga msasa hadi uchoke na bado jioni yenye joto itanuka kama gereji.

Plaiwudi yenyewe ipake ndani ili isinywe mkojo na maji. Tafuta vanishi ya maji, si ile inayochanganywa na tapentaini. Paka mara mbili ama tatu, kila mara ikauke, na usisahau kingo juu ndiko maji huingilia. Halafu, wasee, subirini. Kuguswa na kidole ikawa kavu haimaanishi imemaliza kutoa moshi wake. Acha milango wazi wiki mbili, mahali penye upepo. Ukiona mtu amepaka Ijumaa na ameingiza nyoka Jumapili, hapo kuna ngori.

Milango na madirisha ya nyumba zilizobomolewa pia yanavutia, bure ni bure. Lakini rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na ukianza kuzikwangua vumbi linakuingia wewe na watoto wako kabla hata nyoka hajafika.

Kwa kuziba kona, silikoni. Kuna ile ya choo na bafu iliyoongezwa dawa ya kuzuia ukungu. Hiyo dawa haijui kutofautisha ukungu na mnyama. Nunua ile iliyoandikwa ni ya matangi ya samaki. Itanuka siki siku za kwanza, hiyo ni kawaida, ikiisha siki ndiyo imeiva. Gamu ya viatu isikaribie.

Kuna test moja ambayo jamaa yangu sasa anafanya kila mara. Anawasha joto ndani ya boksi tupu, anafunga, analala. Asubuhi anafungua na kuingiza kichwa kabla hajanywa chai. Akisikia harufu yoyote ya mbao, rangi au gundi, nyoka bado. Na hamwambii fundi anuse, juu fundi wa mbao pua yake ilishazoea kitambo.

Waya, selotepu na mashimo

Waya ya kuku usiweke. Nyoka usiku husukuma pua kwenye kila kitu akitafuta njia, na waya inamchuna hadi kidonda. Wembamba wanapita katikati kabisa. Afadhali utoboe mashimo madogo kwenye ubao wenyewe, kadhaa chini upande mmoja na kadhaa juu upande wa pili, hewa izunguke. Toboa kutoka ndani kwenda nje, ili zile ncha mbaya zinazobaki ziwe nje. Hii kitu ndogo mafundi wengi huifanya kinyume, si kwa ubaya, ni juu ni rahisi kushika drili ukiwa nje.

Selotepu ndani ya boksi ni marufuku. Simaanishi kwa ukali wa sheria, namaanisha nimeona. Nyoka akigusa upande wenye gundi anajizungusha, unakuta amejifunga kama zawadi, na ukiivuta inatoka na ngozi. Ikitokea, pakaza mafuta ya kupikia polepole, subiri gundi ilegee. Usivute.

Joto, na hapa tusidanganyane

Bahati si Lodwar. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na usiku wa Julai nyuzi huweza kushuka hadi karibu 10. Nyoka wa mchanga anataka upande mmoja wa boksi ufike nyuzi 30 na kitu, upande wa pili uwe baridi kidogo ili achague mwenyewe. Kwa hivyo lazima uweke joto, na joto ndilo linaloleta moto, kuungua na bili.

Balbu ikae nje ya wavu ama ndani ya kizimba chake cha chuma, kamwe asiweze kujizungusha juu yake. Nyoka ni wa ajabu kwa hili: anaweza kulala juu ya kitu kinachomchoma tumbo na asiondoke hadi vidonda vimetoka. Kwa hivyo nunua themostati kabla ya kununua mapambo. Holda ya balbu iwe ya kauri, ya plastiki inayeyuka. Waya za stima zipite mahali maji ya bakuli hayafiki.

Na jiko la makaa ndani ya chumba cha nyoka, hata usiku mmoja stima ikipotea, hapana. Moshi ule usioonekana unaua watu kila msimu wa baridi, nyoka atakuwa wa pili. Funika boksi na blanketi ukiacha mashimo wazi, weka chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo upande mmoja, ngoja stima irudi.

Chini tandika gazeti. Najua si tamu kwa picha za Insta, lakini gazeti halina mafuta, unaona uchafu mapema, na kubadilisha ni dakika moja. Nyuzi za makumbi ya nazi kutoka Pwani pia ni safi. Maranda ya bure ya kwa fundi ndiyo hapana kubwa, juu yamechanganyika saiprasi na kila kitu. Udongo wa shamba la viazi umepigwa dawa msimu mzima, huo pia uache.

Ukisafisha, epuka dawa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukiziweka majini. Jik kidogo kwa maji mengi, nyoka akiwa nje, suuza, kausha juani, basi. Na usipulizie dawa ya mende kwa hicho chumba, wala kuweka vile vijipira vyeupe vya kufukuza nondo.

Au uachane na mbao kabisa

Wafugaji wenye nyoka wengi hawajengi maboksi ya kifahari. Wanatumia kontena za plastiki, zile za kuwekea nguo, zenye namba 5 ndani ya kile kipembetatu cha chini. Hiyo ni polipropilini, haina harufu, inastahimili joto la kawaida, na kuiosha ni kama kuosha sufuria. Unatoboa mashimo, unaweka klipu za kufunga kila upande juu kifuniko pekee nyoka atakiinua, umemaliza. Urefu uwe wa kutosha nyoka ajinyooshe. Ila isiwe mtungi uliowahi kubeba dawa ya mimea, hata ukiapa umeuosha mara kumi.

Ukitaka kuona nyumba za nyoka zilizojengwa na watu wanaojua kazi, Snake Park ya Nairobi pale Makumbusho iko tangu 1961, na Watamu kuna Bio-Ken iliyoanzishwa na James Ashe mwaka wa 1980. Nenda, usiangalie nyoka tu. Angalia kona, mashimo ya hewa, kufuli, mahali balbu imekaa. Uliza wanaosafisha. Hao ndio wanajua boksi gani ni shida, kuliko hata bosi.

Yule nyoka wa pili wa jamaa alipona. Dawa, joto la kutosha na kontena ya plastiki ya blu iliyokuwa na matandiko ya mtoto. Alikataa kula karibu mwezi mzima, halafu asubuhi moja panya hakuwepo.

Lile boksi la mutarakwa bado lipo. Jamaa alimpelekea mathe yake Kiamaina, akalitoa kufuli, na sasa ndimo blanketi za wageni hukaa. Mathe anasema tangu lifike hajaona nondo hata mmoja.